Bima ya Afya Ujerumani: Dalali Anamtumikia Nani, na Dai Likikataliwa Mwananchi Afanye Nini

Na Mwandishi Wetu

Mtanzania anayekwenda Ujerumani kwa masomo, ajira au huduma ya kujitolea hukutana na bima ya afya kabla hajakutana na daktari. Viza haitolewi bila uthibitisho wa bima, chuo hakimsajili mwanafunzi bila taarifa kutoka mfuko wa bima, na mwajiri hawezi kukamilisha taratibu za mshahara wa kwanza bila kujua mfanyakazi wake ni mwanachama wa mfuko upi. Kwa hiyo uamuzi mzito kuhusu afya yake hufanywa katika wiki za mwanzo, wakati lugha bado ni ngeni, makazi hayajatulia, na mtu wa kwanza anayejitokeza kusaidia ndiye anayesikilizwa.

Mara nyingi mtu huyo ni dalali au wakala wa bima. Kazi yake ni halali na kwa wengi imekuwa ya manufaa. Hata hivyo, karatasi inayotiwa saini siku hiyo ndiyo itakayosomwa tena, mstari kwa mstari, siku ambayo mgonjwa anadai gharama za hospitali. Makala haya yanaeleza namna mfumo huo unavyofanya kazi, nafasi ya dalali ndani yake, na hatua zilizo wazi kwa Mtanzania ambaye dai lake limekataliwa.

Mfumo wenye milango miwili

Ujerumani ilitunga sheria yake ya kwanza ya bima ya wagonjwa mwaka 1883, wakati wa Kansela Otto von Bismarck, na tangu mwaka 2009 kila mkazi wa nchi hiyo anawajibika kisheria kuwa na bima ya afya. Takribani asilimia 90 ya wakazi wamo katika mifuko ya umma. Mifuko hiyo si idara za serikali. Ni taasisi zinazojiendesha zenyewe kwa mujibu wa sheria, na kila mtu huchagua mfuko anaoutaka. Wengi wa waliobaki wamekatiwa bima na kampuni binafsi.

Katika mfuko wa umma, mchango hukokotolewa kutokana na kipato. Kiwango cha jumla ni asilimia 14.6 ya mshahara ghafi, pamoja na nyongeza ambayo kila mfuko hujipangia, na mwajiri hubeba nusu ya vyote viwili. Mwenzi asiye na kipato na watoto wanaoishi naye Ujerumani huweza kuingizwa bila mchango wa ziada. Kampuni binafsi hupanga bei kwa kuangalia umri na hali ya afya ya mwombaji, na kila mwanafamilia hulipiwa peke yake.

Tofauti kubwa zaidi huonekana siku ya kuugua. Mwanachama wa mfuko wa umma huonesha kadi, hutibiwa, na daktari hudai malipo yake kwenye mfuko bila kumhusisha mgonjwa. Kinachobaki kwa mgonjwa ni uchangiaji mdogo: euro 10 kwa kila siku ya kulazwa, kwa siku zisizozidi 28 kwa mwaka, na kati ya euro 5 na 10 kwa dawa nyingi za cheti. Mwenye bima binafsi, kwa kawaida, huletewa ankara nyumbani ikiwa na jina lake. Yeye ndiye mdaiwa mbele ya daktari. Kampuni ikichelewa kumrudishia fedha au ikikataa, daktari ataendelea kumdai yeye.

Si kila Mtanzania ana uhuru wa kuchagua mlango. Mwajiriwa, wakiwamo wauguzi na wanagenzi wa mafunzo ya ufundi, huingia katika mfuko wa umma kwa nguvu ya sheria isipokuwa mshahara wake uvuke ukomo uliowekwa, ambao kwa mwaka 2025 ulikuwa euro 73,800 kwa mwaka. Vijana walio katika huduma ya kujitolea inayotambuliwa na sheria nao huingia mfuko wa umma, na mchango wote hulipwa na taasisi iliyowapokea. Kijana anayekaa na familia mwenyeji kwa utaratibu wa kusaidia malezi ya watoto hukatiwa bima na familia hiyo kwa gharama yake. Akiombwa kuilipia mwenyewe, ana haki ya kukataa.

Wanafunzi ndio wenye njia panda.

Uamuzi usiorudi nyuma

Mwanafunzi wa chuo kikuu aliye chini ya umri wa miaka 30 ana haki ya kuwa mwanachama wa mfuko wa umma kwa mchango nafuu, ambao kwa mwaka 2025 ulikuwa takribani euro 140 kwa mwezi au zaidi kidogo, ikijumuishwa bima ya uangalizi wa muda mrefu. Mfuko hauruhusiwi kumkataa kwa sababu ya ugonjwa alionao, wala hauna sababu ya kumuuliza.

Sheria inampa pia nafasi ya kuomba msamaha wa kutoingia mfuko wa umma ili akate bima binafsi. Ombi hilo hufanywa ndani ya miezi 3 tangu wajibu wa bima ulipoanza. Likishakubaliwa haliwezi kutenguliwa kwa muda wote wa masomo yake. Hapa ndipo wanafunzi wengi kutoka nje ya Ulaya hunaswa, kwa kuwa tangazo la bima binafsi huwa na bei ya kuvutia na neno “msamaha” halisikiki kama jambo la hatari.

Chukulia mwanafunzi wa shahada ya uzamili mwenye ugonjwa wa selimundu. Anafika akiwa na afya njema, anaoneshwa bima ya wageni yenye mchango mdogo kuliko ule wa mfuko wa umma, anatia saini na kuomba msamaha. Miezi minane baadaye, katikati ya baridi kali, anapata maumivu makali na kulazwa wiki mbili. Bima nyingi za aina hiyo huwa na kifungu kinachoondoa magonjwa ambayo mteja alikuwa akiyajua kabla ya mkataba, na nyingi huondoa pia ujauzito ulioanza kabla ya tarehe hiyo. Ankara inabaki kuwa yake, na mlango wa mfuko wa umma umefungwa hadi atakapoajiriwa kwa masharti yanayomrejesha humo kisheria. Mwenye pumu, kisukari au shinikizo la damu anaweza kujikuta pale pale.

Wapo wasio na chaguo hilo tangu mwanzo. Anayesoma lugha tu, au aliye katika mwaka wa maandalizi kabla ya chuo kikuu, hahesabiwi kuwa mwanafunzi kwa sheria ya bima na hutegemea bima binafsi kwa kipindi hicho. Aliyetimiza miaka 30 hupoteza kiwango cha mwanafunzi. Kwa makundi haya bima ya wageni ni ya lazima zaidi kuliko ya hiari, na kazi iliyobaki ni kusoma orodha ya mambo yasiyolipwa kabla ya kutazama bei. Aliyemaliza maandalizi na kusajiliwa chuoni akiwa chini ya miaka 30 asidhani kwamba bima ile ya mwanzo inatosha kuendelea nayo. Kipindi cha miezi 3 kinaanza kuhesabiwa upya kwake, na kwa wengi ndiyo nafasi ya kuingia mfuko wa umma.

Dalali ni wa nani

Hapa nchini, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA) hutoa leseni kwa mawakala wa bima na kwa madalali wa bima, nayo ni makundi mawili tofauti. Wakala huuza kwa niaba ya kampuni. Dalali humwakilisha mteja na kumtafutia mkataba unaomfaa. Ujerumani hufuata mgawanyo huo huo: wakala huitwa “Vertreter” na dalali “Makler”, na kila mmoja anatakiwa kumweleza mteja hadhi yake, namba yake ya usajili na namna anavyolipwa katika mazungumzo ya kwanza kabisa ya kibiashara. Namba hiyo huhakikiwa bila malipo katika daftari la wazi la mtandaoni linalosimamiwa na vyama vya wafanyabiashara na viwanda. Dakika tano za kuitafuta hutosha kujua kama anayezungumza ni dalali, wakala wa kampuni moja, au mtu asiyesajiliwa popote.

Mgawanyo huu una matokeo ambayo watu wachache huyatarajia. Majaji wa Ujerumani humwita wakala “jicho na sikio” la kampuni ya bima. Maana yake ni kwamba mteja akimwambia wakala kwa mdomo kuwa ana shinikizo la damu, na wakala akaacha kuliandika kwenye fomu, sheria inahesabu kuwa kampuni imeambiwa. Dalali si jicho wala sikio la kampuni. Yeye yuko upande wa mteja. Aliyoambiwa na mteja hayahesabiwi kuwa yameifikia kampuni mpaka yaandikwe na kupelekwa. Kwa hiyo mteja aliyemweleza dalali ukweli wote, kisha akatia saini fomu isiyo na ukweli huo, anaweza kuambiwa miaka miwili baadaye kwamba alificha ugonjwa. Anaweza kumdai dalali fidia, na sheria inamtaka dalali awe na bima ya kufidia makosa ya kazi yake, lakini kesi hiyo ni nyingine na hospitali haisubiri iishe.

Fomu ya kampuni binafsi huuliza maswali ya afya, na mwombaji anawajibika kujibu kwa ukweli yale aliyoulizwa kwa maandishi. Akikosea, kampuni inaweza kubadili masharti, kuvunja mkataba au kukataa dai, kutegemea uzito wa kosa. Katika bima ya afya haki hiyo ya kampuni hukoma baada ya miaka 3, isipokuwa pale palipokuwa na nia ya kudanganya, ambapo muda huwa miaka 10. Daktari wa Dar es Salaam au Zanzibar aliyemtibu mwombaji huko nyuma naye ni sehemu ya historia hiyo. Kusema “ile ilikuwa Tanzania” si utetezi.

Malipo ya dalali yanastahili kufahamika vizuri. Kwa kawaida mteja hamlipi. Kampuni humpa kamisheni iliyomo ndani ya mchango wa mteja. Tangu mwaka 2012 sheria ya Ujerumani imeweka ukomo wa kamisheni kwa mikataba kamili ya bima binafsi ya afya, ukomo ambao kwa wastani unalingana na michango ya miezi 9. Mfuko wa umma, kwa upande wake, hulipa kiasi kidogo tu kwa kuletewa mwanachama mpya. Hilo halimfanyi kila dalali kuwa mdanganyifu, na wapo wanaomshauri mteja abaki mfuko wa umma hata kama hawapati kitu. Lakini mteja anayejua hesabu hiyo ataelewa kwa nini baadhi ya ofisi zina hamu kubwa ya kumsaidia kujaza ombi la msamaha. Kuna pia mshauri wa bima anayelipwa na mteja peke yake, ambaye sheria humkataza kujinufaisha kwa kamisheni za kampuni. Gharama yake hulipwa mwanzoni, na kwa mkataba wa miaka mingi inaweza kuwa ndogo kuliko hasara.

Karatasi mbili zinahitaji tahadhari ya pekee. Ya kwanza ni tamko la kuachilia ushauri. Dalali anawajibika kushauri na kuweka kumbukumbu ya ushauri huo kwa maandishi, na mteja anaweza kuachilia haki hiyo kwa hati maalumu inayosema wazi kwamba kufanya hivyo kunaweza kudhoofisha dai lake la fidia. Ikitolewa katikati ya rundo la karatasi nyingine, haifai kusainiwa kwa sababu tu kalamu iko mkononi. Ya pili ni hati ya uwakilishi, ambayo humruhusu dalali kupokea barua kutoka kampuni kwa niaba ya mteja. Barua yenye tarehe ya mwisho ikifikia kwa dalali na ikakaa huko, mteja ndiye anayepoteza siku. Aliyekwisha kusaini mkataba wa bima binafsi ana, kwa kawaida, siku 14 za kujitoa tangu alipopokea hati zote, bila kutoa sababu.

Kundi la tatu halimo katika daftari lolote. Ni wenzetu waliotangulia, wanaojaza fomu za wageni kwa ada na kuziwasilisha kwa jina la mwombaji. Undugu na lugha moja huleta imani, na wengi wao husaidia kwa moyo mweupe. Pamoja na hayo, asiyesajiliwa hana wajibu wa kuweka kumbukumbu ya ushauri wala bima ya kufidia makosa yake, na saini iliyo kwenye fomu ni ya mwombaji.

Uliza kabla ya kulipa

Katika mfuko wa umma, tiba isiyo ya kawaida, kifaa tiba au huduma ya uangalizi huombewa kibali kwanza. Mfuko unatakiwa kuamua ndani ya wiki 3 tangu kupokea ombi, au wiki 5 pale maoni ya jopo la madaktari wa mifuko yanapohitajika. Ukipitisha muda huo bila kumweleza mwombaji sababu kwa maandishi, sheria hulihesabu ombi kuwa limekubaliwa. Anayejilipia kwanza na kudai baadaye, bila ya dharura, kwa kawaida harudishiwi.

Mwenye bima binafsi naye ana kinga. Kwa tiba inayotarajiwa kuzidi euro 2,000 anaweza kuitaka kampuni ieleze mapema kama italipa, na kampuni inapaswa kujibu ndani ya wiki 4, au wiki 2 ikiwa jambo ni la haraka. Barua hiyo ya maswali ni fupi, na ndiyo inayotenganisha mgonjwa anayeingia chumba cha upasuaji akijua hali yake na yule anayetoka humo akiwa na deni.

Kwa mfanyakazi, dai lililo kubwa zaidi mara nyingi si la dawa bali la kipato. Mwajiri hulipa mshahara kwa wiki 6 za ugonjwa, mradi ajira imedumu wiki 4. Baada ya hapo mfuko wa umma hulipa asilimia 70 ya mshahara ghafi, bila kuvuka asilimia 90 ya kinachobaki baada ya makato, na kwa ugonjwa ule ule malipo huweza kufika wiki 78 ndani ya miaka 3. Sharti lake ni kwamba cheti cha daktari kisikatike: kinapoisha, kipya kipatikane kabla ya siku ya kazi inayofuata kuisha. Pengo likitokea, malipo ya siku hizo huweza kupotea.

Barua ya kukataa

Uamuzi wa mfuko wa umma huja kwa barua inayobeba neno “Bescheid”. Mwishoni mwake, mara nyingi katika aya ambayo mgeni huiruka, huwa na maelezo ya haki ya kupinga. Pingamizi huitwa “Widerspruch”, na muda wake ni mwezi 1.

Hesabu ya mwezi huo haianzi siku bahasha ilipofunguliwa. Tangu Januari 1, 2025, barua iliyotumwa kwa posta ndani ya Ujerumani huhesabiwa kuwa imefika siku ya 4 baada ya kuwekwa posta. Awali ilikuwa siku ya 3. Barua iliyowekwa posta tarehe 10 inahesabiwa kufika tarehe 14, na pingamizi linatakiwa liwe limefika mfukoni, si limetumwa, ifikapo tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Iwapo barua haikueleza haki ya kupinga, au ilieleza visivyo, muda huwa mwaka 1. Iwapo uamuzi umemfikia mhusika akiwa nje ya Ujerumani, muda ni miezi 3, lakini kifungu hicho hakimsaidii aliyekwenda likizo Arusha huku barua ikimsubiri katika sanduku lake mjini Hamburg. Anayesafiri amwachie mtu anayeaminika ufunguo wa sanduku la barua.

Pingamizi halihitaji kuwa na hoja zote siku ya kwanza. Sentensi moja yenye jina, namba ya uanachama, tarehe ya barua inayopingwa na maneno kwamba mhusika anaupinga uamuzi huo hutosha kulinda muda. Hoja na vyeti vya daktari hufuata. Kinachotakiwa ni saini. Barua pepe ya kawaida haikubaliki, kosa ambalo huwagharimu watu haki yao huku wakiwa wameandika kwa ufasaha. Njia salama ni kuipeleka ofisini na kugongewa muhuri kwenye nakala, kuituma kwa barua ya rejista, au kuituma kwa faksi, mashine ambayo Tanzania wengi wamekwisha kuisahau ilhali ofisi za Ujerumani bado zinaiheshimu. Mwanachama anaweza pia kufika ofisini na pingamizi lake likaandikwa na mtumishi kwa maelezo yake.

Lugha ya shughuli hizo ni Kijerumani, na hati za hospitali za Tanzania zinaweza kudaiwa tafsiri. Kutokujua lugha, kwa kawaida, si sababu inayokubalika ya kuchelewa.

Hatua inayofuata ni ya muhimu na hutumiwa na wachache: kuomba kuona jalada. Mwanachama ana haki ya kusoma maoni ya madaktari ambayo mfuko uliyategemea. Mara nyingi maoni hayo huandikwa kwa kusoma karatasi bila kumwona mgonjwa, na daktari anayemtibu akipewa nakala anaweza kujibu hoja kwa hoja. Pingamizi lenye barua ya daktari inayogusa sababu hasa ya kukataliwa lina nguvu kuliko kurasa nyingi za malalamiko.

Kamati ya pingamizi ikikataa, mwezi 1 mwingine huanza, wa kufungua shauri katika mahakama ya masuala ya jamii. Mahakama hiyo haitozi ada kwa mwanachama wa bima na wakili si lazima. Mfuko ukikaa kimya kwa miezi 3 bila kujibu pingamizi, mahakama hiyo hiyo inaweza kuombwa iulazimishe kuamua. Aliyepitwa na muda bado ana njia ya kuomba uamuzi upitiwe upya kwa sababu ulikosea sheria, na mafao huweza kulipwa kwa kurudi nyuma hadi miaka 4, ingawa njia hiyo ni ngumu kuliko kuwahi.

Kwa kampuni binafsi utaratibu ni mwingine. Mteja huilalamikia kampuni kwanza. Asiporidhika, anaweza kupeleka shauri kwa msuluhishi wa bima binafsi za afya aliyeko Berlin, ofisi inayofanana kwa kazi na ile ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima hapa nchini. Huduma hiyo ni ya bure kwa mteja, ila mapendekezo yake hayaifungi kampuni. Mamlaka ya usimamizi wa fedha, BaFin, hupokea malalamiko kuhusu mwenendo wa kampuni lakini haiamui nani alipwe. Mwisho wa yote ni mahakama ya madai, ambayo ina gharama. Haki ya kudai kwa kawaida huisha baada ya miaka 3, ikihesabiwa tangu mwisho wa mwaka ambao dai lilistahili kulipwa. Wakati wote huo ankara ya daktari inaendelea kudaiwa, hivyo ni busara kumwandikia daktari mapema kuomba kulipa kwa awamu.

Ubalozi wa Tanzania mjini Berlin hauamui madai ya bima wala hauwezi kutengua uamuzi wa mfuko. Msaada wa karibu zaidi ni ofisi za ushauri kwa wahamiaji zinazoendeshwa na taasisi kama Caritas, Diakonie na Msalaba Mwekundu wa Ujerumani, ambazo hazitozi malipo, na ofisi za ustawi wa wanafunzi vyuoni. Mwenye kipato kidogo anaweza kuomba hati ya msaada wa kisheria katika mahakama ya eneo lake na kumwona wakili kwa euro 15, isipokuwa Hamburg na Bremen zenye utaratibu wao.

Likizo nyumbani, msiba na kurejea

Kadi ya mfuko wa umma hutumika Ujerumani, katika nchi za Umoja wa Ulaya na nchi nyingine chache zenye makubaliano. Tanzania haimo miongoni mwa nchi hizo. Anayekuja kuona wazazi mwezi Desemba na kuugua akiwa Mbeya hatalipiwa na mfuko wake, labda awe amekata bima ya safari, ambayo kwa bei ya mwaka mzima ni ndogo na kwa kawaida hulinda safari zisizozidi wiki 6 au 8.

Msiba nao una pengo lake. Mifuko ya umma iliacha kulipa mafao ya mazishi mwaka 2004 na haigharamii kusafirisha mwili. Baadhi ya bima za wageni huwa na kifungu cha kurejesha mwili nyumbani, na hilo ni jambo ambalo zinawazidi mifuko ya umma. Jumuiya za Watanzania zinazochangishana kila panapotokea msiba zinaweza kupima kama kukata bima ya pamoja ya aina hiyo kungewapunguzia mzigo.

Anayerejea Tanzania moja kwa moja anapaswa kuufahamisha mfuko wake kwa maandishi, akiambatisha hati ya kujiondoa katika daftari la wakazi. Asipofanya hivyo, mfuko huendelea kumhesabu kuwa mkazi mwenye wajibu wa bima, na kwa kuwa hapeleki taarifa za kipato, humtoza kiwango cha juu kabisa, ambacho kwa mwaka 2025 kilizidi euro 1,000 kwa mwezi, pamoja na tozo ya ucheleweshaji ya asilimia 1 kila mwezi. Deni hilo humsubiri siku atakapotaka kurudi Ujerumani kwa kazi au masomo. Likigundulika, dawa yake ni ile ile hati ya kujiondoa na ushahidi wa makazi ya Tanzania, vikiwasilishwa kwa mfuko hata kama miaka imepita, ili michango ya kipindi ambacho mhusika hakuwapo ifutwe.